Kilima Kisicho na Mtu

Watu wakiniuliza kwa nini kilima chetu cha juu ya ziwa hakina bomba wala mtambo mpaka leo, wanangoja niwasimulie habari za mwanasheria mkubwa aliyeshuka na ndege kutoka Kinshasa. Hakuwapo mwanasheria. Alikuwapo mama yangu, alikuwapo mwanamke mmoja wa upande wa maadui zetu, na ulikuwapo ujinga wetu sisi wenyewe, uliokaribia kukitoa kilima kile bure, upesi kuliko kalamu ya bwana yeyote. Faili ilipanda kwenda kwa wakubwa ikiwa na pingamizi letu ndani, na hatujasikia tena kwamba imeshuka. Nasimulia jinsi pingamizi lile lilivyopatikana, maana wanaolitaja leo kwenye mikutano hawakuwapo.

Tulikuwa tunakaa Bigo, mtaa mmoja wa mji wa Bunia, katika nyumba ya udongo tuliyoazimwa na Mkristo mwenzetu. Mimi nilikuwa nashona kwa cherehani ya watu pale barazani. Alikuwapo mama, walikuwapo watoto wa marehemu dada yangu, na alikuwapo baba mdogo, yaani mdogo wake baba yangu, aliyekuja kutusalimia na akakaa mpaka vita vikapoa. Baba mwenyewe alikuwa amekufa zamani, kifo cha kitandani, kabla watu hawajasahau kwamba kuna kifo cha namna hiyo. Kilima tulikikimbia wakati nyumba zilipoanza kuchomwa, za maadui zetu na zetu. Ng'ombe walikwenda, mlango ukaenda, hata mabati yakaenda. Mama aliacha shamba la mihogo, na kila alipokuwa akisonga bugali la unga wa msaada alitukumbusha kwamba mihogo yake bado iko ardhini na haiozi upesi. Nilichoka kusikia habari za mihogo ile, nasema kweli. Nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba sisi sasa ni watu wa mji.

Jumapili moja, baada ya misa, ukafika wakati wa matangazo. Zikasomwa ndoa, ukasomwa mkutano wa kwaya, kisha msomaji akakunjua komunike ya ofisi ya ardhi. Kulikuwa na kampuni iliyoomba kilima chote, kuanzia mgongo wake hadi pwani ya ziwa, ili ichimbe petroli. Ofisi ingefanya ankete, yaani uchunguzi, kujua kama mahali pale pana watu. Mwenye haki afike aseme. Asipofika mtu, ardhi itahesabiwa kuwa haina mwenyewe. Kanisa lote likanong'ona, na padri akatugongea meza.

Katekista wetu, ambaye zamani alikuwa karani wa kolektivite, ile serikali ya vijijini, alitueleza pale nje. Petroli iliyo chini ni ya serikali, alisema, hilo msipoteze mate. Na udongo wa juu pia, kwa sheria, ni wa serikali. Mama akamuuliza kilichobaki ni nini basi, hewa? Katekista akacheka, kisha akasema kwamba kilichobaki ni mlango mmoja mwembamba. Serikali haiwezi kumpa mgeni ardhi ya kijijini kabla ya kuuliza. Ajenti wa ofisi ya ardhi lazima aandike ni nani wanakaa pale, wanalima nini, wamepanda miti gani, wamezika wapi, na awasikilize wote wanaokataa. Kisha karatasi zinapelekwa kwa mwendesha mashtaka, naye akiona kwamba watu wapo na wamekataa, au kwamba hawakusikilizwa, kazi inasimama. Mama alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwa tabia yake. Njiani hakutaja mihogo hata mara moja.

Siku ya kusikilizwa tulikwenda ukoo mzima. Wakati ule mji ulikuwa chini ya utawala wa muda, na askari wa kigeni walikuwa barabarani, kwa hiyo ofisi zilikuwa zimefunguliwa tena, ingawa viti vilikuwa vimeibwa. Ajenti alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakuwa mtu mbaya wala mwema. Alikuwa mtu anayetaka kumaliza arudi kwake. Barabara ya kilima haikupitika, akasema, kwa hiyo atasikiliza watu mahali walipokimbilia. Sisi atatusikiliza Bunia. Wa upande wa pili atawasikiliza mwenzake, kule kwenye njia ya Kilo.

Baba mdogo ndiye aliyesema. Baba mdogo ni mtu wa kujibu kabla hajaulizwa, na siku ile alivaa koti. Akaeleza babu yetu alivyofika, ng'ombe walivyojaa, visima tulivyochimba. Ajenti akauliza mipaka. Juu ni barabara. Chini ni ziwa. Upande wa kaskazini ni binamu zetu, hawa hapa. Na kusini?

Baba mdogo akasema kusini hakuna mtu. Ajenti akarudia swali. Baba mdogo akajibu kwamba ni pori tupu, hakujawahi kuwa na mtu.

Kila mmoja wetu aliyekuwa kwenye benchi lile alijua kwamba kusini kulikuwa na shamba la mwanamke fulani, na kwamba yeye na mama yangu walikuwa wakipakana tangu wote wawili walipoletwa mabibi arusi. Lakini huyo alikuwa wa upande wa pili, na siku zile hatukuwaita majirani. Tuliwaita "wale", tena kwa sauti ya chini. Kusema ofisini kwamba "wale" wana shamba ilikuwa sawa na kuwafungulia mlango. Basi tukanyamaza, na baba mdogo akakaa chini akinyoosha koti lake, ameridhika.

Tuliitwa tena kuja kutia vidole kwenye maelezo yetu. Ajenti alilazimika kutusomea kwanza, akasoma Kifaransa kwa haraka, anameza maneno kama mtu anayekula na gari linamngoja. Mama akamwomba aseme kwa Kiswahili. Ndipo akatoa maelezo yaliyotoka njia ya Kilo. Wale nao walikuwa wamevaa makoti yao. Nao walikuwa wameeleza mababu zao. Nao, walipoulizwa kaskazini kwao kuna nani, walikuwa wamejibu kwamba kaskazini hakuna mtu, ni pori.

Ajenti alivua miwani. Akasema kila mmoja amedai chake, lakini mtu hawi shahidi wa shamba lake mwenyewe. Shahidi ni jirani. Wa kusini wanasema kaskazini hakuna mtu, wa kaskazini wanasema kusini hakuna mtu. Akiunganisha yote mawili, anapata kilima kisicho na mtu. Alisema hivyo bila kejeli, kama anayesoma bei ya chumvi. 

Na lililouma zaidi ni kwamba hiyo ndiyo desturi yetu sisi sote, wao na sisi, kabla ya sheria yoyote ya Kifaransa. Kilimani kwetu mwenye shamba hasemi mpaka wake. Bibi arusi akipewa shamba, jirani ndiye anayetembea mbele akionyesha kwa jembe, na mwenye shamba anafuata nyuma kimya. Ukijionyeshea mwenyewe, watu wanacheka, wanakuita mwizi. Kila mtoto wa pale anajua jambo hilo. Tulikuwa tumelisahau kwa chuki, pande zote mbili, kila upande peke yake na kwa ustadi uleule. Mchimba shimo huingia mwenyewe, lakini sisi tuliingia tukiwa tumevaa makoti.

Mama alikataa kutia kidole. Ajenti akamwambia kwamba tangazo bado limebandikwa mlangoni pa ofisi, na mpaka litakapobanduliwa yeyote anaweza kuongeza neno. Baada ya hapo atafunga faili.

Nyumbani kulikuwa na ugomvi. Baba mdogo alitaka turudi tukaseme kwa nguvu zaidi, twende na wazee wengi zaidi. Mama akamwambia kwamba uongo ukisemwa na watu wengi unakuwa uongo mnene tu. Akasema atamtafuta yule mwanamke wa kusini, amlete ofisini, kila mmoja amseme mwenzake. Baba mdogo akapiga meza. Akamkumbusha kaka yake, yaani mjomba wangu, aliyeuawa na watu wale wale. Kisha akashusha sauti na kusema kwamba mtu akitaja haki ya wale mbele ya karani, vijana wa upande wetu watamjia nyumbani, na yeye baba mdogo hatakuwa na la kuwaambia. Hayakuwa maneno ya kutisha watoto. Kwenye kartye ya jirani, mtaa wa pili tu kutoka kwetu, mwanamke mmoja aliuawa kwa sababu ya kusalimiana tu. Niliogopa, nikamsihi mama aache. Nilimwambia kilima si mtoto.

Mama alikuwa anachambua maharage. Hakuinua macho.

"Mi simupendi ule mama," alisema. "Kama angekuwa hapa singemupa hata maji. Lakini nikisema yeye haiko, na miye siiko. Sasa weye unataka niseme nini?"

Tangu kesho yake alihamia kwenye benchi la ofisi ya ardhi. Alikwenda asubuhi na ungo wake wa maharage, akakaa mbele ya mlango wa ajenti, akachambua. Ajenti alimpita akiingia, akampita akitoka. Alimwambia aende nyumbani. Mama akamjibu kwamba nyumbani kwake ndiko huko ajenti anakotaka kuwaandikia watu wa petroli. Mwishowe yule mzee alichoka, au labda aliogopa mwendesha mashtaka asije akamuuliza kwa nini kuna mama mlangoni ambaye hakusikilizwa. Akasema sawa. Alete jirani. Waje siku moja, chumba kimoja, naye ataandika watakachosema, basi.

Nje ya mji, kwenye njia ya Djugu, kulikuwa na soko la wanawake. Wanaume hawakufika pale, kwa sababu wanaume wakikutana na wanaume ilikuwa damu. Wa kwetu walipeleka chumvi na samaki wa kukausha, wa kwao walileta mihogo na mawese, na waliuziana bila kuangaliana usoni. Mama alimpa muuza mawese mmoja ujumbe. Soko lililofuata nilikwenda naye, nimeshika kikapu cha chumvi.

Yule mwanamke alikuja. Nilimtambua kwa urefu wake, maana utotoni nilikuwa namwona ng'ambo ya mpaka akiwaita mbuzi wake kwa sauti iliyofika ziwani. Alikuwa amekonda. Hakukaa chini. Mama akamweleza kwa kifupi, na alipofika mahali pa kilima kisicho na mtu yule mwanamke alitoa kicheko kibaya. Shemeji yake ndiye aliyesema kule njia ya Kilo, alituambia, na walimpigia makofi.

Kisha akasema mambo yaliyomkaa rohoni. Kwamba watu wetu walichoma nyumba yake. Mama akajibu kwamba watu wao walimwulia kaka. Wakasimama hivyo, kila mmoja na mzigo wake.

"Mutoto yangu alibaki kule," alisema yule mwanamke. "Nilikimbia na wale wadogo, yeye walimukamata kwa njia. Mi siko na hata pahali pa kumulilia."

Mama alifungua mdomo. Wakati ule wauza mawese wawili walikuwa wamesogea kusikiliza, na mmoja wa wanawake wa kwetu, mke wa mtu mwenye vijana wa bunduki, alikuwa anatuangalia juu ya samaki wake. Mama akafunga mdomo. Akataja siku ya ofisi tu.

"Nitakuja," yule mwanamke akasema. "Lakini usinisalimie."

Kurudi, mama alitembea haraka mbele yangu njia nzima. Nilidhani ni woga, na nilifurahi kidogo kwamba hata yeye anaweza kuogopa.

Siku ya ofisi yule mwanamke alifika kwa gari la watawa lililokuwa likileta wagonjwa hospitalini, pamoja na yule shemeji yake. Hakutusalimia, nasi hatukumsalimia. Kulikuwa na mabenchi mawili, wao wakakaa moja, mama na mimi jingine. Baba mdogo hakuwa ameitwa, lakini alikuja, akasimama karibu na mlango na mwanamume mwingine nisiyemjua. Yule mwanamume hakusema jina lake kwa mtu yeyote.

Ajenti alianza na yule mwanamke wa kusini. Akamuuliza kaskazini kwake kuna nani. Mwanamke aliangalia ukuta. Kisha akasema kwamba kuna mtu, ni mama huyu, analima pale tangu walipoolewa. Ajenti akataka kujua mpaka unapita wapi. Akaueleza wote kutoka barabarani mpaka ziwani, jiwe kwa jiwe, kwa sauti ya mtu anayelazimishwa kunywa dawa, na sikumsikia akikosea. Shemeji yake alikuwa anatikisa mguu kwa hasira.

Ikafika zamu ya mama. Kusini kuna nani? Ni yeye, mama akasema, na akamwonyesha kwa mkono wazi, kama tunavyomwonyesha mtu wa heshima. Yule mwanamume mlangoni akakohoa. Mama akaendelea. Nyumba ilikuwapo, imechomwa. Miti ni kahawa nyuma ya nyumba na maparachichi mawili, aliyapanda mwenyewe. Ajenti alikuwa anaandika bila kuinua kichwa, akauliza kuhusu makaburi, kama alivyouliza mengine.

 Mama alimwangalia baba mdogo. Halafu akamwangalia yule mwanamume asiye na jina, akamkazia macho mpaka yeye ndiye aliyeangalia pembeni.

"Iko," akasema. "Bwana yake, kwenye kahawa. Na mutoto yake, pembeni."

Shemeji aliruka juu akasema huo ni uongo, mtoto yule hana kaburi, aliachwa njiani.

"Iko na kaburi," mama akasema. "Mi njo nilimuzika."

Hapo nikakumbuka. Siku ya pili ya kukimbia kwetu, tukiwa tumejificha kwenye matete, mama aliondoka akisema anarudi kuchukua jembe. Tulilia. Alirudi jua likiwa limekwenda sana, mchafu wa udongo mpaka viwikoni, bila jembe, na tulimgombeza kwa kuhatarisha roho yake bure. Aliacha tumgombeze. Tangu siku ile mpaka ofisini pale hakumwambia mtu, wala mimi, kwa maana kuzika mfu wa upande wa pili, kwa watu wetu, lilikuwa kosa kubwa kuliko kumwua. Sasa alikuwa amelisema mbele ya karani na mbele ya vijana wa bunduki. Nilishika mkono wake. Nilijivunia kuwa mtoto wake kiasi cha kutaka kulia.

Baba mdogo aliinua kidole kama anayetaka kusema, akakishusha. Mwanamume aliyekuja naye alitoka nje. Baba mdogo hakumfuata. Alikuja akakaa upande wa pili wa mama, kwenye benchi letu, akafungua vifungo vya koti.

Yule mwanamke alikuwa amegeuka. Kwa mara ya kwanza alimwangalia mama usoni.

"Ulimufunga na nini?"

"Kikwembe yangu ya kanisa."

"Kichwa yake uliangalisha wapi?"

"Kwa ziwa. Vile tunafanyaka siye wote."

Yule mwanamke alitia ncha ya kitambaa chake mdomoni akaiuma. Hakulia kwa sauti. Shemeji yake alikuwa amekaa chini tena, mguu umetulia. Nje kulikuwa na pikipiki inayokataa kuwaka, na sote tuliisikiliza mpaka ikawaka.

Ajenti aligeuza karatasi, akaigeuza tena. Alikuwa ameshika kalamu juu ya mstari wa mwisho, ule unaosema hali ya ardhi. Aliuliza taratibu, bila kumlenga mtu, aandike nini pale. Nilifikiri mama atajibu, maana ndiye aliyekuwa amekalia benchi la mlangoni siku zote zile. Lakini mama aliangalia chini, akangoja jirani aseme.

"Andika kama udongo ile iko na watu," akasema yule mwanamke.

Ajenti akaandika. Yule mwanamke ndiye aliyekuwa wa kwanza kutia kidole, kisha akamsogezea mama ule wino.